Mwamba uliokunjwa kama kitambaa bila kuvunjika: ni joto, ni mgandamizo au ni muda?

#1 Jabali (mleta mada)

Habari zenu wanajukwaa. Hii ni wiki ya tatu ninaliangalia jiwe moja na sijapata maelezo yanayonitosheleza. Ni kipande cha ukubwa wa kiganja, kilichoporomoka kutoka kwenye ngema iliyokatwa ili kupitisha barabara. Kina matabaka membamba ya rangi mbili, kijivu kilichopauka na kijivu kinachokaribia weusi, yanayopishana kama kurasa za daftari. Matabaka hayo yamepinda, yakarudi, yakapinda tena, mpaka umbo lote likawa kama herufi S. Nikipitisha ukucha juu ya mpindo sihisi ufa wowote. Lakini jiwe hilohilo nikiligonga kwa nyundo linavunjika papo hapo, na kingo zake zinakata mkono.

Swali langu ni hili: kitu kinachovunjika namna hiyo kiliwezaje kukunjwa? Nimesoma kwamba mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka lake gumu la nje, husukumana, na hilo nalikubali, ila linanieleza tu nguvu ilikotoka. Halinielezi kwa nini mwamba ulikubali kupinda badala ya kupasuka.

#2 Tanuri

Jibu ni joto, ndugu Jabali. Katika sehemu za juu za ganda la bara, joto huongezeka kwa takriban nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi kwa kila kilomita unayoshuka. Shimo la utafiti la Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi, lilifika kina cha mita 12,262 mwaka 1989, na huko chini walikuta joto la takriban nyuzi 180. Jiwe lako lilizama, likapashwa joto, likalainika kama chuma mbele ya mhunzi, likakunjwa, kisha likainuliwa hadi juu. Ukivuka ganda lenyewe unakuta bahari ya mwamba ulioyeyuka, na juu ya bahari hiyo ndipo mabamba yanapoelea.

#3 Mwalimu wa Ramani

Tanuri, hoja yako ya joto ina nguvu, lakini naomba nirekebishe mambo mawili.

La kwanza ni hesabu. Gawanya nyuzi 180 kwa kilomita 12 utapata nyuzi 15 kwa kilomita, yaani karibu nusu ya kiwango ulichokitaja. Ganda la pale ni la kale sana na limepoa. Kwa hiyo hatuwezi kusema mwamba ulizama kina gani kwa kutazama joto pekee bila kujua ganda la mahali husika lilikuwaje.

La pili ni zito zaidi. Chini ya ganda hakuna bahari ya mwamba ulioyeyuka. Koti la dunia, ambalo linafika kina cha kilomita 2,890 hivi na kuchukua takriban asilimia 84 ya ujazo wa sayari yote, ni jiwe gumu. Tunajua hivyo kwa sababu mawimbi ya tetemeko yanayotikisa upande kwa upande, yaani mawimbi ya S, hupita ndani yake, na mawimbi hayo hayapiti kamwe kwenye kimiminika. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, huzaliwa katika sehemu chache tu: pale ambapo mwamba wa moto unapanda na kupunguziwa mgandamizo, au pale ambapo maji yanauingia na kushusha kiwango chake cha kuyeyuka. Mawimbi ya S hukoma yanapofika kwenye kiini cha dunia, na hivyo ndivyo Mohorovičić alivyokigundua kiini mwaka 1909.

#4 Kumbukumbu

Mwalimu, shukrani kwa ufafanuzi wa koti, ila sentensi ya mwisho imechanganya watu. Andrija Mohorovičić alichunguza tetemeko la mwaka 1909 lililotokea karibu na Zagreb, akaona kwamba baadhi ya mawimbi yalifika mapema kuliko yalivyopaswa, kana kwamba yamepitia njia ya chini yenye kasi zaidi. Alichogundua ni mpaka kati ya ganda na koti, wenye kina cha kilomita saba hivi chini ya sakafu ya bahari na kilomita thelathini na kitu hadi arobaini chini ya mabara, na zaidi ya hapo chini ya milima mirefu.

Kuwepo kwa kiini kulionyeshwa na Richard Oldham mwaka 1906, Beno Gutenberg akakadiria kina chake mwaka 1914, na mwaka 1926 Harold Jeffreys akaonyesha kwamba kiini hicho ni kimiminika. Inge Lehmann ndiye aliyetambua mwaka 1936 kwamba ndani ya kimiminika hicho kuna kiini kingine, ambacho leo tunajua ni kigumu na kina nusu kipenyo cha kilomita 1,220 hivi. Naomba tulishike jina la Jeffreys, kwa sababu nitarudi kwake.

#5 Marumaru

Mmekimbilia kiini kabla hatujatoka kwenye kiganja cha mleta mada.

Mimi nasema mgandamizo. Mwaka 1911 Theodore von Kármán alichukua vipande vya marumaru ya Carrara vilivyochongwa kama mitungi midogo, akavikandamiza kutoka juu huku kimiminika kikivibana pande zote. Kipande kisichobanwa pembeni kilipasuka kama Jabali anavyoona kwa nyundo yake. Kilichobanwa vya kutosha kilifupika na kutuna katikati kama pipa, kikabaki kipande kimoja. Jaribio hilo lilifanyika katika joto la kawaida la chumba, na hapo hoja ya Tanuri inapata shida.

Sababu yake inaeleweka. Ufa ukitaka kufunguka unahitaji nafasi, na pande zake mbili zikitaka kuteleza ni lazima zishinde msuguano. Kila kilomita moja ya mwamba juu yako inaongeza mgandamizo wa zaidi ya mara 250 ya ule wa hewa tunayovuta. Katika kina cha kilomita kumi, kufungua ufa ni sawa na kuuinua mzigo wote huo.

#6 Subira

Joto na mgandamizo vyote nakubali, lakini mnasahau muda. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, Thomas Parnell alianzisha mwaka 1927 jaribio la kuacha lami ngumu idondoke yenyewe kutoka kwenye faneli. Lami hiyo ukiigonga kwa nyundo inavunjika vipande vipande kama kioo. Hata hivyo imekuwa ikitiririka polepole, na hadi mwaka 2014 yalikuwa yameanguka matone tisa tu. Kitu kilekile ni kigumu kwa nyundo na ni kimiminika kwa kalenda.

Sasa pigeni hesabu. Bamba linalosogea sentimita tano kwa mwaka, mwendo unaokaribiana na ukuaji wa kucha zetu, litakuwa limesafiri kilomita 50 baada ya miaka milioni moja. Inakadiriwa kwamba miamba mingi inapokunjwa, kipande cha urefu wa mita moja hufupika kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita kwa mwaka. Nyundo ya Jabali haikumpa mwamba nafasi ya kujibu, milima ilimpa.

#7 Siwa Barafu

Subira, mfano wa lami unavutia lakini unapotosha. Lami haina fuwele, ni kimiminika kizito tangu mwanzo. Mwamba umejengwa kwa fuwele, ambamo kila atomi ina mahali pake. Mfano ulio karibu zaidi ni barafu ya milimani, ambayo nayo ni fuwele. Sehemu ya juu ya mto wa barafu hupasuka nyufa za kutisha, lakini kwa kawaida nyufa hizo haziendi chini zaidi ya makumi machache ya mita. Chini ya hapo barafu inabanwa na uzito wake yenyewe, haipasuki tena, inatiririka. Ganda la dunia linafanya jambo hilohilo: juu ni nyufa na matetemeko, na kuanzia kina cha kilomita 10 hadi 15 hivi, katika sehemu nyingi za mabara, ni kutiririka taratibu.

Kuhusu namna fuwele inavyotiririka bila kuyeyuka: mpangilio wa atomi huwa na kasoro, mahali ambapo mstari mmoja wa atomi umekatika. Kasoro hiyo inaweza kuhama. Mtu anayetaka kusogeza zulia kubwa na zito hawezi kuliburuta lote kwa pamoja, lakini akitengeneza kikunjo kidogo upande mmoja na kukisukuma hadi upande wa pili, zulia lote limesogea hatua moja. Ndivyo fuwele inavyosogea, safu baada ya safu, na joto ndilo linalorahisisha kasoro kuhama.

Ndiyo maana aina ya madini ni muhimu kuliko tulivyosema mpaka sasa. Kwatzi huanza kutiririka hivyo karibu na nyuzi 300, feldispa inasubiri hadi takriban 450, na olivini, madini makuu ya sehemu ya juu ya koti, inahitaji joto kubwa zaidi. Mwamba mmoja, siku moja, mahali pamoja, unaweza kuwa na kwatzi inayotiririka na feldispa inayopasuka. Swali la kupinda au kupasuka linapaswa kuulizwa kwa kila tabaka peke yake.

#8 Mto Tope

Nyote mmechukulia kwamba lilikuwa jiwe wakati linakunjwa. Mna uhakika? Matope na mchanga vilivyotua chini ya maji kwenye mteremko vinaweza kuteleza vikiwa bado vimelowa, pengine kwa mtikisiko mmoja wa tetemeko, na vikakunjamana kwa dakika chache. Baadaye vinafunikwa, vinagandamizwa na kuwa jiwe pamoja na mikunjo yake. Hapo huhitaji joto, wala kina kirefu, wala miaka milioni.

Kuna njia ya kupima dai langu. Mikunjo ya namna hiyo kwa kawaida hubanwa kati ya matabaka yaliyonyooka, kwa sababu ni rundo lile tu lililoteleza. Jabali, uliitazama ngema yenyewe? Matabaka ya juu na ya chini ya hiyo S yakoje?

#9 Jabali

Asanteni. Nimerudi kuitazama. Juu ya sehemu iliyokunjwa kuna tabaka pana lililonyooka kabisa, unaweza kulifuata kwa macho hatua ishirini bila kuliona likiyumba. Chini ya sehemu hiyo hali ni tofauti: mikunjo inaendelea hadi usawa wa barabara, na siwezi kuona inakoishia.

Jambo jingine ambalo sikulisema mwanzoni: kwenye kona ya mkunjo, tabaka jeusi ni nene karibu maradufu kuliko lilivyo kwenye mbavu zake, ilhali tabaka lililopauka lina unene uleule kotekote.

#10 Kisima

Maelezo ya Jabali katika #9 ni ya thamani sana. Tabaka jeusi liliacha mbavu likajikusanya kwenye kona, maana yake lilikuwa laini. Lililopauka lilipinda kama ubao mwembamba, maana yake lilikuwa gumu kulinganisha na mwenzake. Hii inaunga mkono alichosema Siwa Barafu.

Naongeza maji, ambayo hakuna aliyeyataja kama chanzo cha ulaini. Mwaka 1965 David Griggs na James Blacic walionyesha kwamba kwatzi yenye maji kidogo sana ndani ya fuwele zake hudhoofika mno ikilinganishwa na kwatzi kavu katika joto lilelile. Vilevile mwamba unaweza kubadilika umbo kwa kuyeyushwa na maji mahali unapobanwa sana na kujijenga upya mahali palipolegea. Kazi hiyo haihitaji joto la nyuzi 300. Mtazame marumaru au mawe ya chokaa yaliyong'arishwa sakafuni, mtaona mistari myeusi yenye meno kama ya msumeno. Katika mistari hiyo mwamba uliliwa na maji chini ya mgandamizo, na weusi ule ni udongo uliokataa kuyeyuka. Kiasi cha mwamba kilichopotea kwenye mstari mmoja si kidogo: urefu wa meno yale unakupa angalau makadirio ya chini.

#11 Kumbukumbu

Niliahidi kurudi kwa Jeffreys. Swali la mleta mada ndilo lililomkwamisha Alfred Wegener. Alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara yamehama, wapinzani wake hawakukosa kuona jinsi pwani za Afrika na Amerika ya Kusini zinavyooana. Walichouliza ni namna gani bara la mwamba mgumu linaweza kupita kwenye sakafu ya mwamba mgumu. Jeffreys, mtu aliyetupatia kiini cha kimiminika, alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba koti ni gumu mno kuruhusu safari hiyo. Wegener alifia Greenland mwaka 1930 bila kuwa na jibu la kuwaridhisha.

Ushahidi wa kwamba koti linatiririka ulikuwepo. Skandinavia ilibanwa na barafu nene katika enzi ya barafu, na mzigo huo ulipoyeyuka nchi ikaanza kupanda. Pwani za kaskazini mwa Ghuba ya Bothnia bado zinapanda karibu sentimita moja kwa mwaka, maelfu ya miaka baada ya barafu kuondoka. Mwamba ulio chini unarudi taratibu mahali ulipokuwa. Kitu kinachopitisha mawimbi ya S kama chuma ndicho hichohicho kinachorudi kama unga uliokandwa.

#12 Tanuri

Nimekubali masahihisho ya #3 na nimejifunza. Lakini basi joto linarudi kwa mlango mwingine: koti linatiririka kwa sababu lina joto, mwamba wa moto unapanda, uliopoa unashuka, na mzunguko huo unayabeba mabamba kwa juu. Jiwe la Jabali lilikunjwa na joto la ndani ya dunia, hata kama lenyewe halikulainishwa nalo.

#13 Nanga

Tanuri, picha ya mabamba kubebwa na koti kama mizigo inaeleza nusu tu. Donald Forsyth na Seiya Uyeda walilinganisha mabamba mwaka 1975 wakaona kwamba kinachoendana na kasi ya bamba ni sehemu ya ukingo wake inayozama kwenye koti. Bamba la Pasifiki, lenye kingo ndefu zinazozama, ni miongoni mwa yanayokwenda kasi zaidi. Bamba la Ulaya na Asia, lisilo na ukingo wa kuzama wa kutosha, linajikokota. Sakafu ya bahari ikizeeka hupoa, huwa nzito kuliko koti lililo chini yake, huzama, na hulivuta bamba zima nyuma yake kama nanga inavyovuta mnyororo. Ndiyo maana sakafu za bahari kuu ni changa, kwa sehemu kubwa hazizidi miaka milioni 200, wakati kuna chembe za zirkoni, madini magumu ya mabara, za Jack Hills, Australia, zenye umri wa miaka bilioni 4.4. Bara ni jepesi, halizami.

#14 Mwalimu wa Ramani

Nanga, naikubali hoja yako kwa Pasifiki. Ila nieleze kuhusu India. Iligongana na Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita, sakafu ya bahari iliyokuwa mbele yake ilikwishazama, na bado inaisukuma Asia kwa sentimita kadhaa kila mwaka. Mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe vya bahari yako kwenye kilele cha Everest kwa sababu ya msukumo huo. Ni mnyororo gani unaovuta hapo? Wapo wanaosema ni kipande cha bamba kinachozama karibu na Sumatra upande wa mashariki, wapo wanaosema ni mkondo wa koti chini ya India, na wapo wanaotaja msukumo wa mgongo wa katikati ya Bahari ya Hindi, yaani safu ya milima iliyo chini ya maji. Hoja hizo hazijakata mzizi wa fitina.

#15 Marumaru

Na mimi nina fumbo kwa wote wanaosema kina kirefu maana yake ni kutiririka. Tarehe 24 Mei 2013 tetemeko la ukubwa wa 8.3 lilitokea chini ya Bahari ya Okhotsk, kwenye kina cha kilomita 609. Kwa maelezo yangu ya #5, ufa hauwezi kufunguka huko. Kwa maelezo ya Siwa Barafu, mwamba ulipaswa kutiririka. Lakini ulivunjika, tena kwa nguvu.

Linalokubalika ni kwamba matetemeko hayo hutokea ndani ya mabamba yaliyozama, ambayo bado ni baridi kuliko koti linaloyazunguka. Baada ya hapo njia zinagawanyika. Wengine wanasema olivini hubadilika ghafla kuwa madini mazito zaidi na kuacha njia ya kuteleza. Wengine wanasema madini hutoa maji yaliyofungwa ndani yake. Wengine wanasema mtelezo mdogo hutoa joto, joto linalainisha, na ulainifu unaongeza mtelezo hadi mambo yanaruka.

#16 Mto Tope

Hayo yote ni mazuri, lakini jiwe limesahaulika. Jabali, tabaka lililonyooka juu ya mikunjo ndilo ushahidi wangu, ingawa nakiri kwamba mikunjo kuendelea hadi chini inanidhoofisha kidogo. Chukua lenzi ukague tabaka lililopauka. Je, kuna mishipa myeupe, yaani nyufa zilizojazwa madini? Matope yaliyolowa hayapasuki yakajaa kalsaiti, madini ya mawe ya chokaa.

#17 Jabali

Nimekagua kwa lenzi ya kukuza mara kumi, nikalilowesha jiwe kwanza ili rangi zijitokeze. Kuna mishipa myeupe, myembamba kama unywele, na yote iko ndani ya tabaka lililopauka, upande wa nje wa kona. Inafunguka kama vidole: mipana kwa nje, inakwisha kabla ya kufika katikati ya tabaka. Ikifika kwenye tabaka jeusi inakoma kabisa. Tone moja la siki nililoliweka juu ya mshipa halikufanya kitu nilichoweza kukiona, kwa hiyo sina hakika kama ni kalsaiti au kwatzi.

Kwa maneno mengine, jiwe langu lilipinda na lilipasuka kwa wakati mmoja. Ukucha wangu ndio ulioshindwa kuhisi.

#18 Siwa Barafu

Hivyo ndivyo inavyotarajiwa, ndugu. Ukipinda kitu kigumu, upande wa nje unanyooshwa na wa ndani unabanwa. Tabaka lililopauka lilinyooshwa hadi likapasuka, na jeusi likatiririka kuziba nafasi. Siki ni dhaifu kama asidi ya kupimia kalsaiti. Kwaruza mshipa kwa kisu. Kalsaiti itakwaruzika, kwatzi haitakwaruzika.

#19 Mto Tope

Mishipa hiyo naikubali, hivyo angalau sehemu ya kukunjika ilitokea likiwa jiwe. Bado sijakubali kwamba yote ilitokea hivyo. Mkunjo wa matope unaweza kubanwa zaidi miaka milioni nyingi baadaye na kupata mishipa yake hapo.

#20 Nanga

Na tabaka lililonyooka lina maelezo matatu, si moja. Linaweza kuwa la Mto Tope. Linaweza kuwa lilitua baadaye sana, baada ya mikunjo kumomonyoka, kama James Hutton alivyoona mwaka 1788 huko Siccar Point, Uskoti, ambako matabaka yaliyolala yameketi juu ya yaliyosimama wima. Au linaweza kuwa liliteleza juu ya mikunjo kama kifuniko, na mpaka wenyewe ni ufa. Kama ni ufa, uso wake utakuwa umesuguliwa na una michirizi inayoelekea upande mmoja.

#21 Kisima

Tahadhari moja, Nanga: matabaka yanapokunjwa huteleza yenyewe kwa yenyewe, kama kurasa za daftari linapopindwa, na huacha michirizi ileile. Kwa hiyo kuiona hakutoshi. Itafutwe pia kati ya matabaka yaliyokunjwa, na mielekeo ya sehemu zote mbili ilinganishwe.

#22 Jabali

Nimeuona mpaka huo jana jioni, nao ni laini kuliko nilivyotarajia, lakini mwanga ulikuwa umepungua. Mshipa nimeukwaruza kwa kisu na umeacha unga mweupe. Nitarudi asubuhi na mapema, wakati jua likiwa chini na kila mchirizi unatupa kivuli, nipime mielekeo ya sehemu zote mbili kwa dira kabla sijaandika tena.